Matuta Kumi na Sita

Longinus aliwahi kuingia jikoni kwangu, akafunua sufuria yangu ya mboga na kuanza kuhesabu vikonyo. Sikutanii. Mimi Philomena, mama yake Brighton, mwenye jiko langu mwenyewe hapa Busunzu, nimesimama na mwiko mkononi, na jirani anahesabu: moja, mbili, tatu. Kisa ni majani ya maharage. Nilipita shambani kwake bondeni nikachuma viganja viwili vya mboga, kama kila mwanamke wa hapa anavyochuma kwa jirani akipungukiwa. Kumbe nimechuma kwenye tuta la majaribio.

"Tuta namba nne, Mama Brighton," akasema. "Umelivua nguo. Mwanafunzi atapima nini sasa?"

"Atapima namba tano," nikamjibu.

Hakucheka. Tulikaa msimu mzima hatusalimiani, mpaka mke wake, Mungu amrehemu, alipotupatanisha kwa ndizi na kahawa. Kwa hiyo asije mtu akakuambia kwamba Philomena hakujua kuwa tuta la majaribio haliguswi. Nilijua. Ndiyo maana nasimulia mwenyewe, maana wengine wakisimulia wananipunguzia kosa.

Longinus alikuwa mtunza shamba la majaribio. Watu wa utafiti wa kilimo walikuwa na kipande chao bondeni kwetu, pale ambapo maji hayakauki hata kiangazi, na yeye ndiye aliyekitunza miaka ishirini na miwili. Elimu yake darasa la saba. Kila Julai vyuo vikifunga walikuja wanafunzi wa fildi, wawili au watatu, na viatu vya mvua ambavyo bado vinanuka dukani, na wote walipitia mikononi mwake. Aliwafundisha kunyoosha kamba. Aliwafundisha kung'oa shina taratibu na kutazama mzizi kabla hujalitazama jani, kwa sababu jani husema mambo yakishachelewa. Aliwafundisha kuweka karatasi ya namba ndani ya mfuko na nyingine nje, maana ya nje hufutika na ya ndani husalia. Wao walimwita Mwalimu.

Sisi tulimwita Bwana Vibao. Kila tuta lilikuwa na kibao chake cha mti wa mkaratusi, amekichonga mwenyewe, amekiandika namba kwa rangi nyeusi. Mtoto akikitikisa kibao alifukuzwa mpaka barabarani. Tulimcheka sana. Nilimwambia maharage ni maharage, yanaishia chooni yote, na yeye akanijibu, "Asiyejua maana haambiwi maana." Basi tukawa hivyo, mimi na mdomo wangu, yeye na vibao vyake.

Lakini alikuwa na maharage yake. Mwaka mmoja maji yalizidi bondeni, mizizi ikaoza, tuta zima la wanafunzi likalala manjano. Likabaki shina moja limesimama peke yake. Longinus akalichuma: maganda saba, punje za kijivu zenye mstari mweusi mgongoni. Akazipanda kwenye kona ya shamba lake mwenyewe. Mwaka uliofuata akazipanda tena, na tena, miaka kumi na mmoja, anachagua, anatupa, anachagua. Zile za kijivu hazikuoza. Kila mwanafunzi aliyekuja alipelekwa kuziona, na kila mmoja alisema, "Nzuri sana, Mwalimu," kisha akarudi kupima mbegu alizotumwa kupima. Kwenye makaratasi yao hapakuwa na mstari wa maharage ya mtu wa darasa la saba.

Alitaka kitu kimoja tu, na alikisema mara nyingi mpaka kikanichosha. Alitaka yapimwe. Mara moja tu, kwa utaratibu, yakiwa yamepandwa kando ya mbegu nyingine, kwenye mizani, na uzito uandikwe na mtu ambaye karatasi yake inasomwa.

Mtu huyo akawa Loyce, mtoto wake wa pekee. Nilimlea nusu yake mimi, baada ya mama yake kufariki. Nywele zake nimezisuka kwenye kibaraza hiki. Akaenda chuo cha kilimo, na mwaka juzi, fildi yake ya mwisho, akaomba aifanyie nyumbani, kwenye shamba la baba yake bondeni. Somo lake lilikuwa hilo hilo, kuoza kwa mizizi ya maharage. Aina nne za mbegu, kila aina matuta manne, jumla kumi na sita, yamechanganywa kama karata ili tuta zuri lisipendelee mbegu moja. Aina ya nne ilikuwa ya baba yake. Msimamizi wake, Madam Mwamvua, afisa utafiti pale Kasulu, alikubali, na Longinus aliposikia alikuja kwangu na kukaa, anageuzageuza kofia mikononi. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema, "Mama Brighton, zitapimwa."

Chuo kilikuwa bado hakijafunga, kwa hiyo alipanda Longinus, mwishoni mwa Juni. Simu ameibana sikioni kwa bega, kamba mikononi, na Loyce upande wa pili anamwelekeza tuta hadi tuta. Mbegu za kijivu akazipanda zote. Nilimwambia, "Baba Loyce, mtu hamalizi mbegu zote shambani, tumefundishwa na mama zetu." Akasema panya walikuwa wamempunguzia ghalani, akibakiza matuta manne hayatoshi, na Septemba zitarudi nyingi kuliko alizopanda. Sikubishana naye. Kwa mbegu alikuwa amenishinda siku nyingi.

Julai binti akafika, na nikaona mambo. Longinus, aliyekuwa anafukuza watoto kwa fimbo, sasa yeye ndiye aliyekuwa anafokewa.

"Baba, umesogeza kamba."

"Samahani, afisa."

"Na hiyo ndoo moja kwa kila tuta, usizidishe ya kwako. Nakuona."

"Sizidishi, afisa. Mkono umeteleza."

Alikuwa anaiba maji kwa ajili ya yale manne, mzee mzima. Loyce alimkamata mara mbili. Kila Jumatano walihesabu mashina yaliyogeuka manjano, yeye anataja, binti anaandika kwenye fomu. Mpaka Agosti hata mimi nisiye na fomu niliona. Matuta mengine yalikuwa na mapengo kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Yale manne yalikuwa yamejaa. Lakini Loyce hakukubali tushangilie. Alisema jani si jibu, jibu ni uzito wa punje kavu za kila tuta peke yake. Mizani ya kuning'iniza ilikuwa tayari kwenye boriti ya kibaraza. Mifuko kumi na sita alishaishona kwa mkono, ameiandika namba, ameitundika kwenye kamba ukingoni mwa shamba. Mavuno yalipangwa Jumamosi moja ya Septemba, na Jumatatu Madam Mwamvua aje kukagua.

Alhamisi jioni Longinus alianguka mlangoni kwake. Mdomo ulikwenda upande. Tulimbeba kwenye gari la mwalimu mkuu mpaka Kibondo hospitalini, Loyce amempakata kichwa. Ijumaa usiku akafariki. Presha, walisema. Alikuwa hajawahi kusema anaumwa hata kichwa.

Hapo sasa ndipo pangu.

Kwetu hapa bondeni mtu akifa na shamba lililokomaa, chungu cha kwanza cha msiba hutoka shambani mwake. Ndiyo heshima yake ya mwisho, kuwalisha watu waliokuja kumlilia kwa jasho la mkono wake. Mtu akizikwa kwa chakula cha kuchangiwa wakati shamba lake limesimama, watu hawasemi kitu, lakini wanakumbuka. Na mkubwa wa jiko la msiba kwa Longinus alikuwa nani? Mke hayupo. Dada hana. Nilikuwa mimi.

Jumamosi asubuhi na mapema nilishuka bondeni na wanawake watano. Macho yamevimba, sikulala. Nikayaona matuta yamekauka vizuri, maganda yanalia upepo ukipita. Anifa, mke wa jirani yetu, ndiye mdogo kuliko sote, akasimama kwenye ukingo asiingie.

"Mama Brighton, tusimpigie Loyce kwanza?"

Nikamgeukia kwa hasira, na maneno niliyosema nayakumbuka yote. "Mtoto yuko mochwari na baba yake, wewe unampigia simu ya maharage?"

Anifa akafunga kanga, akaingia.

Unaniuliza nilikuwa nawaza nini. Niliwaza kwamba majaribio yalikuwa ya Longinus, na Longinus amekufa, basi na majaribio yamekwisha. Miaka ishirini na miwili nilimwona yeye na vibao vyake. Kwa akili yangu vile vibao vilikuwa sehemu ya mwili wake, kama kofia yake. Haikunijia kabisa kwamba safari hii vilikuwa vya mtoto. Lakini kuna kitu mikono yangu ilijua. Matuta mengi yalikuwa yanang'oka kirahisi, unavuta kwa mkono mmoja shina linakuja na mzizi mweusi uliooza. Nikifika kwenye yale manne, nilishika kwa mikono miwili na kukaza mgongo. Mzizi ulikuwa mweupe, umekumbatia udongo. Wenzangu walisema, "Haya ya Mzee haya," na tukalia huku tunang'oa. Tulilia na kung'oa mpaka tukamaliza.

Tukayapura yote kwenye turubai moja. Ya kijivu, mekundu, ya njano, yote pamoja. Tulipokosa cha kubebea, tukachukua mifuko ya Loyce kwenye kamba, tukajaza mitatu. Na vibao, kwa kuwa vilikuwa vikavu na kuni za msiba bado hazijaletwa, nilivikusanya mimi kwa mkono wangu nikawashia moto. Vilishika vizuri sana.

Mwili ulifika saa nane. Watu walikuwa wengi, wa Busunzu, wa Kakonko, hata waliowahi kuja fildi kwake zamani na sasa ni mabwana shamba, walifika na pikipiki. Baada ya maziko tukagawa chakula. Nilimtafuta Loyce, nikamkuta ndani amekaa chini ameegemea ukuta, hajala tangu Alhamisi. Nikamletea sahani, nikapiga goti mbele yake.

"Kula, mwanangu. Hili ni vuno la mkono wa baba yako."

Alitazama sahani. Maharage yakichemka rangi hufifia, lakini ule mstari ulikuwa bado unaonekana. Aliigeuza punje moja kwa kidole. Akaigeuza nyingine. Nilidhani ni huzuni inamchezesha chakula.

"Yote, mama?" akauliza.

"Yote, mwanangu. Watu wameshiba. Baba yako hakuzikwa kwa kuombaomba."

Akasema, "Asante, mama." Kisha akala. Alikula taratibu, kijiko kwa kijiko, machozi yanadondokea ndani ya sahani, na hakubakiza hata punje. Aliponirudishia sahani ndipo akauliza vibao viko wapi. Nikanyoosha mkono kuelekea jikoni, kwenye majivu, na mkono ukiwa bado hewani nikaelewa. Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu hayakusubiri kuzaa mtoto.

Nilikaa chini pale pale. Nilitaka anitukane. Mimi ningekuwa yeye ningemtukana mtu mpaka ukoo wake. Loyce aliniegemeza kichwa begani akaniambia, "Usilie, Mama Brighton. Ulimpikia baba." Mpaka leo hakuna tusi lililowahi kuniuma kama neno hilo.

Jumatatu Madam Mwamvua alikuja, na rambirambi na begi lake la karatasi. Ni mtu wa Tanga, amejitahidi na Kiha, akatusalimia "Mwakeye", salamu ya asubuhi, ilhali ilikuwa saa tisa alasiri, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumrekebisha. Alikaa na Loyce kibarazani, chini ya ile mizani, nami nikakaa kwenye kigoda maana nilikataa kuondoka. Mama yule hakuwa mkali. Ingekuwa afadhali angekuwa mkali. Aliifungua fomu, akapitia hesabu za Jumatano zote, akasema kazi ni safi. Kisha akafika ukurasa wa mwisho, mistari kumi na sita, mitupu.

"Loyce, pole sana. Hapa bila uzito siwezi kusema mbegu ipi ilishinda. Tungeweza kurudia mwakani, uchelewe mwaka mmoja. Mbegu ya baba imebaki kiasi gani?"

Loyce alitikisa kichwa.

"Hata kikombe?"

"Hata moja, madam. Tulitafuta."

Tulitafuta kweli. Nilikung'uta turubai, nikapekua mifuko yote mitatu, nikachambua maganda niliyokuwa nimewapa mbuzi, nikapiga magoti bondeni tuta kwa tuta. Nilipata nyekundu nne na za njano mbili. Msiba ulikuwa na watu zaidi ya mia.

Madam Mwamvua akavua miwani, akafuta, akavaa. Akasema mwongozo unataka sababu iandikwe. "Andika mavuno yalipotea," akamshauri kwa upole. "Inatosha."

"Hayakupotea, madam," Loyce akasema. "Yaliliwa msibani kwa baba yangu."

Akaandika hivyo hivyo, kwa mwandiko ulionyooka, mbele ya mistari yote kumi na sita.

Hapo sikuweza kuvumilia. Nikasimama, nikamwambia yule mama kwamba mimi najua ipi ilishinda. Mimi ndiye niliyeng'oa. Nikamwonyesha mikono yangu, nikamwambia zile nyingine zinakuja kwa mkono mmoja, zimeoza, lakini za Longinus nilivuta kwa mikono miwili na mgongo, kila shina, matuta yote manne, na wapo wanawake watano mashahidi, waitwe. Mzizi mweupe, nikamwambia. Maganda yamejaa mpaka juu.

Alinisikiliza mpaka mwisho, si kwa kunivumilia, kwa kunisikiliza. Kisha akauliza, "Maganda mangapi kwa kila shina, mama?"

"Sikuhesabu."

"Na punje za tuta moja zingefika kilo ngapi?"

"Tulikuwa tunalia," nikasema. "Hatukupima."

Akainamisha kichwa. Kalamu ilikuwa mkononi mwake lakini hakuandika, na sikumlaumu, maana Longinus mwenyewe asingeandika. Angeniambia, Mama Brighton, hiyo ni hadithi, haina kilo.

Loyce alirudia mwaka uliofuata, Kakonko, kwa mbegu nyingine za kupewa. Amefaulu, ameajiriwa, huwa ananipigia simu Jumapili, ananiuliza miguu yangu. Siku alipoondoka alichukua daftari la zamani la baba yake, lile la kuandikia mvua, na kabla hajalifunga aliniomba nirudie yale niliyomwambia madam. Nikarudia neno kwa neno, akayaandika, akaweka tarehe na jina langu. Alisema si takwimu, lakini ni yote tuliyonayo. Shamba na mizani akaniachia mimi.

Kiangazi kikifika napanda bondeni, kwenye matuta yale yale. Mbegu nanunua sokoni Kibondo, nzuri kwa macho, na Agosti zinageuka manjano kama kawaida. Nikienda kuvuna sihitaji msaada wa mtu. Nayang'oa kwa mkono mmoja.